Newala: Mlima Unaoanzia Kileleni

Saa 8 mchana, siku za mwisho za Mei, ukingoni mwa mji wa Newala, mkoani Mtwara. Vijana wanne wamesimama karibu na Shimo la Mungu, lile korongo kubwa la ukingoni, wakipigana picha. Chini yao bonde la Ruvuma limejitandaza mpaka Msumbiji. Mmoja ananyoosha kidole kwenye ukanda wa kijani ulio chini kabisa ya mteremko, kisha anamuuliza dereva wa bodaboda aliyewaleta:

"Kaka, pale penye maji ni muda gani kushuka?"

"Kama saa moja tu. Njia nyeupe."

Wana chupa mbili za nusu lita, wawili wamevaa kandambili, na jua bado kali. Wakashuka.

Dereva hakudanganya. Kwa mtu mwenye miguu mizima saa moja inatosha. Lakini swali lenyewe limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Karibu kila anayefika pale anauliza muda wa kushuka. Muda wa kurudi hauulizwi na mtu.

## Hesabu imegeuzwa

Ukienda Kilimanjaro au Uluguru, unaanza na kazi ngumu ukiwa na nguvu. Ukichoka, unageuka, na mteremko unakusaidia kurudi nyumbani. Uchovu wenyewe unakuwa kengele.

Kwenye kingo za uwanda wa Makonde, nyanda za juu ambazo Newala imekaa ukingoni mwake, kengele hiyo inalia ukiwa umechelewa. Newala ipo zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, gari linakushusha kileleni, na matembezi yanaanza kwa kuteremka. Unashuka ukiwa umelala vizuri na umekunywa chai, miguu inakimbia yenyewe. Miguu inapoanza kulalamika, sehemu nyepesi imeshakwisha na mlima wote uko mbele yako.

Joto nalo linafuata mkondo huo. Kwa wastani hewa inaongezeka nyuzi 0.65 hivi kwa kila mita 100 unazoshuka, na siku kavu inaweza kukaribia nyuzi 1. Ukishuka mita 400 umejiongezea nyuzi 3 au 4. Juu ulikuwa unapigwa na upepo wa kusi, huku chini upepo hupungua, na mlima uleule unakusubiri uupande.

Wenzetu wanaotembelea makorongo ya jangwani kule Marekani walijifunza haya zamani. Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon inawaambia wageni wapange muda wa kupanda uwe mara mbili ya muda wa kushuka, na inawaonya wasijaribu kufika mtoni na kurudi siku moja. Kwenye maporomoko ya Havasu, yaliyo katika ardhi ya kabila la Havasupai, wenyeji hawaruhusu kabisa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Huko watu humiminika Aprili na Mei, majira yao ya kuchipua, kabla jua la kiangazi halijaanza kuua. Sisi huku miezi hiyohiyo ndiyo mvua inamalizikia. Jiografia mbali, kalenda karibu.

## Kwa nini maji yako chini

Mgeni anayetoka Moshi au Morogoro huja na picha ya maporomoko kichwani, maji meupe yanayoanguka kutoka juu kwa kelele. Aiache stendi. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wa kuangusha maji.

Mvua inanyesha ya kutosha, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mara nyingine inaingia Mei. Inapotua inakutana na mchanga. Mchanga unainywa yote, haubakizi hata kijito cha kuoshea miguu. Maji yanateremka polepole ndani ya ardhi mpaka yanapofika kwenye tabaka la udongo mzito lisilopitisha. Hapo yanageuka na kwenda upande, yanatafuta mlango, na mlango unapatikana pale ubavu wa mlima unapolikata tabaka hilo.

Ukisimama ukingoni asubuhi, jua likiwa bado chini, unaweza kuona jambo hili kwa macho. Ubavu wa mlima ni wa kahawia na wekundu, halafu ghafla, karibu usawa mmoja, panatokea kijani kibichi: matete, migomba, miti mikubwa iliyosongamana. Hapo ndipo mchanga unapokutana na udongo. Ukifika karibu, usitazamie bomba linalomwagika. Utakuta ardhi inavuja jasho kwenye upana wa hatua kadhaa, majani yaliyooza yana unyevu, kisha matone yanakutana, yanakuwa uzi, uzi unakuwa kijito chembamba. Mahali kijito kinapovuka jiwe gumu kinadondoka, kimo cha mtu au pungufu.

Hayo ndiyo maporomoko yetu. Anayetaka makubwa ana mikoa mingine ya kwenda.

Kuna faida moja katika uchovu huu wa maji. Kwa kuwa yanapita kwenye mchanga polepole, chemchem haikauki mvua inapokata. Mei na Juni inakuwa na nguvu, na nyingine hutiririka kiangazi chote. Kinachofurika ghafla na kuondoka na mtu ni makorongo makavu yaliyochimbwa na maji ya barabarani na mijini. Mvua ikianza ukiwa ndani ya korongo la namna hiyo, toka upande, usisubiri kuona.

## Panga kuanzia mwisho

Shika kalamu. Tuseme njia ni kilomita 4 na tofauti ya kimo ni mita 400. Kanuni ya zamani ya wapanda milima inasema saa 1 kwa kila kilomita 5 za kutembea, kisha uongeze saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 4 ni dakika 48, mita 400 ni dakika 40, jumla dakika 88. Hiyo ni kwa njia ngumu ya ardhi na hewa ya baridi. Kwa mchanga na joto letu ongeza nusu yake. Unapata saa 2 na dakika 12 za kupanda, bila mapumziko. Weka na nusu saa ya kukaa kivulini.

Sasa rudi nyuma. Mwishoni mwa Mei jua la Newala linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi na kuzama dakika chache baada ya saa 12 jioni. Giza likishaanza halikawii.

Ratiba ninayoitetea ni hii: anza kushuka jua linapochomoza, ufike kwenye maji saa 1 na nusu mpaka saa 2, ukae saa moja na nusu, uanze kupanda kabla ya saa 4 asubuhi. Saa 6 na nusu uko juu unaagiza chakula. Wapo wanaopendelea kulala kivulini bondeni mpaka saa 9 alasiri ndipo wapande. Inawezekana, ila ukipata tatizo lolote, kifundo cha mguu kimeteguka au mtu anatapika, giza linakukuta katikati ya mlima. Ratiba ya asubuhi ikiharibika unabaki na nusu siku ya kuitengeneza.

Kuna na suala la upande, ambalo nashangaa halisemwi. Mteremko unaotazama magharibi una kivuli kwa sehemu kubwa ya asubuhi, halafu mchana wote unaokwa. Anayeupanda saa 9 anapanda na jua mgongoni mpaka machweo. Mteremko unaotazama kusini, kuelekea Ruvuma, unakuwa na nafuu Mei, Juni na Julai kwa sababu jua limehamia kaskazini. Nafuu hiyo inaisha mwaka unavyosogea. Karibu na tarehe 20 Oktoba jua linapita utosini kabisa, na hakuna upande wenye kivuli mchana. Kwa hiyo nikiulizwa mwezi, nasema nusu ya pili ya Mei mpaka Julai. Agosti sawa, vumbi tu. Kuanzia Oktoba mpaka mvua itakapotuliza joto, waachie wenye shughuli zao kule chini.

## Lita 4, si chupa mbili

Kushuka na kukaa, nusu lita kwa saa. Kupanda, lita nzima kwa saa. Kwa ratiba ile ya juu inakuja takriban lita 4 kwa mtu mzima. Ni kilo 4 mgongoni, na watu hapo ndipo wanapoanza kupunguza. Usipunguze. Chukua chupa tatu za lita moja na nusu, mbili ushuke nazo na moja uiache katikati ya njia, kwenye kivuli, umeifunika kwa mawe. Nyani na ngedere wanajua chupa ni nini. Weka alama utakayoiona ukiwa unapanda, maana mti uliouona kwa mbele unaposhuka ni mti mwingine kabisa ukitokea nyuma yake.

Maji matupu hayatoshi. Ukitoka jasho kwa muda wa saa tatu na kunywa maji tu, chumvi mwilini inapungua, kichwa kinauma, kichefuchefu kinaanza, na wewe unadhani ni kiu unaongeza maji mengine. Beba pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), moja kwa lita 1 ya maji. Ukikosa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1, vijiko vya kufuta, visiwe na kilima. Chakula kiwe cha chumvi: korosho za kukaanga, karanga, mihogo ya kuchemsha. Ming'oko, vile viazi vya porini vya kusini, ikiwepo sokoni, chukua na pilipili yake, ndiyo safari ya kusini yenyewe.

Maji ya chemchem yasinywewe hivihivi kwa kuwa yanaonekana meupe. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha weka kidonge cha klorini na usubiri dakika 30. Soma pakiti kwanza: kuna vidonge vya lita 20 na vya lita chache, na kukosea kidonge ni kunywa dawa ya kufulia. Au subiri ufike juu.

## Njia na vituko vyake

Mwanzo wa njia unapita kwenye mikorosho. Kuanzia Juni wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na wanapuliza alfajiri hasa, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Ndiyo saa yako ya kuanza safari. Ukisikia injini ya bomba mbele, simama, piga hodi kwa sauti, subiri wakuone. Salfa machoni haikuui, lakini itakutoa machozi mpaka chini.

Baada ya mikorosho, ukingo. Mchanga uliogandamana unasimama wima na kuonekana imara, ila maji yanaula kwa chini na kuacha mdomo unaoning'inia. Kabla hujasogea kupiga picha tazama ardhi: ukiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, hata mwembamba wa kupita ukucha, wewe simama nyuma yake. Wiki za mwanzo baada ya mvua ndizo mbaya zaidi.

Kwenye mteremko, sehemu za changarawe nyekundu ndizo zinazoangusha watu. Vile vijiwe vya duara vinabingirika chini ya kiatu mithili ya gololi, hasa kwenye udongo mgumu. Piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, fimbo itangulie. Kaza kamba za viatu kwenye kifundo cha mguu ili vidole visigonge mbele, na kata kucha jana yake. Raba yenye meno inatosha, buti la kijeshi halihitajiki. Kandambili ni za kuvaa kule kwenye maji.

Vaa suruali ndefu. Nyasi za Mei zinampita mtu kimo, kupe wamo, na nyoka kifutu ana tabia ya kulala njiani bila kujisumbua kukimbia. Fimbo igonge mbele. Kisha upupu. Unapanda kwenye vichaka, maganda yake yanakauka mvua ikiisha, na upepo wa kusi unatosha kukumwagia vinyweleo bila wewe kugusa kitu. Ukikupata usijikune na usisugue. Bandika plasta yenye gundi na uivute, au gandisha donge la ugali ulibandue, rudia mpaka vinyweleo vitoke. Kuoga kunakuja baadaye.

Mtazame mwenzako zaidi ya unavyotazama njia. Aliyekuwa anapiga soga akinyamaza ghafla, akianza kujikwaa, au akijibu swali kombo, joto limeshamwingia. Kaeni kivulini hapohapo, mvueni viatu, lowesheni kanga mumfunike shingo na kifua, mumpepee. Akichanganyikiwa zaidi hiyo ni dharura, mtu akimbie kijijini. Usimwambie ajikaze.

## Pale kwenye maji

Kidimbwi kilicho chini ya kijito kinavutia, hasa saa 5 ukiwa umejaa vumbi. Ni saa mbaya. Kichocho kiko katika mikoa yetu, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono kwenye maji yaliyotuama, hasa jua linapokuwa kali kati ya saa 4 na saa 8. Maji yanayodondoka moja kwa moja kutoka kwenye mwamba yana hatari ndogo. Simama chini yake, jimwagie, ondoka. Kidimbwi chenye majani na konokono kiache.

Na kabla ya yote, tazama nani yupo. Chemchem nyingi zina wenyewe. Ukikuta kina mama wanateka, simama mbali, toa shikamoo kwa wakubwa, ngoja uambiwe karibu. Sabuni isiguse maji. Ukinawa, nawa chini ya mahali pa kutekea.

## Jambo ambalo sijalimaliza

Tatizo langu kubwa linaanzia hapo.

Njia hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya mandhari. Watu wa juu waliishi kwenye mchanga usio na maji, na maji yalikuwa chini, kwa hiyo wanawake walishuka mlima na kuupanda wakiwa na vyombo kichwani. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa kusukuma maji kupanda uwanda wa Makonde, Ufini ikaja kufadhili miradi ya maji ya Mtwara na Lindi miaka ya 1970, na chanzo cha Mitema kule Kitangari bado kinasukumwa kwa pampu. Pampu ikisimama, vijiji vya ukingoni vinakumbuka njia ya zamani haraka sana.

Mtu mwenye begi la mgongoni anayeita njia hiyo "changamoto" anapishana na mama mwenye ndoo ya lita 20, yaani kilo 20, anayeipanda kwa sababu hana la kufanya. Je, tuache kwenda? Niliwahi kuelekea huko. Nikapinga mwenyewe: njia isiyopitwa na mtu inaota nyasi, na mgeni anayelipa mwongozaji wa kijijini anaacha hela mahali ambapo korosho ikishauzwa hela inakuwa adimu. Halafu nikapinga tena: hela hiyo inakwenda kwa kijana wa kiume, na ndoo iko kichwani kwa dada yake.

Nilipofika sasa ni kwenye masharti. Mwenye mzigo anapanda, wewe unampisha, unasimama upande wa mlimani ili usimsukume ukingoni. Humpigi picha. Huombi maji nyumba ya juu, kwa sababu maji hayo yamenunuliwa kwa ndoo. Ukiishiwa, unanunua. Na ukipanga malipo na mtendaji wa kijiji, uliza wazi kama kuna kamati ya maji na uache fungu lake huko, upewe stakabadhi.

Masharti hayo hayatibu kitu. Yanapunguza aibu kidogo.

## Mkiwa karibu na mpaka

Usiunganishe safari ya chemchem na ya kwenda Ruvuma. Kutoka chini ya mteremko mto unaonekana karibu kuliko ulivyo, una mamba na viboko, na ng'ambo ni nchi nyingine. Tangu vurugu za Cabo Delgado zilipoanza mwaka 2017, mgeni asiyejulikana anayezurura bondeni anaulizwa maswali, na ana haki ya kuulizwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kulala Newala, nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji cha njia unayotaka. Beba kitambulisho cha taifa (NIDA), saini kitabu cha wageni, andika mko wangapi, mnashuka saa ngapi na mnatazamiwa kurudi saa ngapi. Omba mwongozaji, mpatane bei mbele ya mtendaji, umlipe nusu asubuhi na nusu mkishafika juu. Mkifika, hata kama mmechoka na bodaboda inasubiri, pitieni tena ofisini mseme mmerudi, mkafute majina yenu kitabuni. Msipofanya hivyo, ikifika jioni kuna watu watashuka na tochi kuwatafuta.